Basilio na Bomu la Ng'ambo ya Kijito

Ukishuka Honiara, mji wetu mkuu, ukamuuliza mtu yeyote ni nani anayevijua vita, atakuonyesha kwa kidevu njia ya kwenda kwa Basilio Chavi. Huenda akakuonyesha huku anacheka, lakini atakuonyesha hiyohiyo. Wapo waliovisoma vita hivyo vyuoni, wana vitabu vizito vya kuwekea mlango usigongwe na upepo, na Basilio hana ugomvi nao. Anachosema ni kwamba wao walisoma, yeye aliokota.

Na kweli aliokota. Alizaliwa upande wa mvua, kule kusini mwa kisiwa chetu cha Guadalcanal ambako nguo hukaa kambani wiki nzima na bado hazikauki. Mapadri walimfundisha kusoma, kuandika na kutumikia misa, na alipofika darasa la nne akaona elimu imetosha, akavuka milima kwa miguu kuja huku kaskazini kukata nazi. Kazi aliipata, na mke akampata, maana Hilda ndiye aliyeanza kucheka. Kwetu ardhi hupitia kwa akina mama. Kwa hiyo Basilio alipooa aliingia kwenye ardhi ya mkewe, au tuseme ya mama wa mkewe, yeye mwenyewe akiwa na panga moja, nguruwe mmoja na mdomo.

Siku ya kwanza kulima hapo jembe liligonga kofia ya chuma. Mtu mwingine angeitupa au angeifanya chombo cha kunyweshea kuku. Basilio aliiosha, akaivaa, akaenda nayo kanisani. Baada ya hapo hakushikika. Alivuta mzinga kutoka kwenye matope kwa magogo na kamba, akavuta bawa la ndege, akavuta mnyororo wa kifaru pingili kwa pingili. Walipokuja wanunuzi wa vyuma chakavu, majirani wote waliuza mpaka vyuma vya kuegemezea sufuria. Basilio aliwakaribisha wanunuzi wale, akawapa popoo watafune, akawaeleza vita kutoka asubuhi mpaka jua kali, na hakuwauzia hata msumari. Waliondoka midomo myekundu na lori tupu.

Akajenga banda la makuti, akapanga vyuma vyake, wageni wakaanza kuja. Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu Basilio akieleza vita, hata aliyepigana hukaa chini asikie vilikwendaje.

Vita vya dunia nzima, kwa maelezo yake, vilikuwa mnyama mwenye kichwa Ulaya na mkia Asia, na uti wake wa mgongo ulipita hapahapa, kati ya banda lake na choo chake. Wajapani walishuka kisiwa baada ya kisiwa kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake mwenyewe. Wakachukua Tulagi ng'ambo ya maji, wakavuka, wakaanza kujenga uwanja wa ndege kwenye tambarare yetu. Hawajamaliza kusawazisha udongo, mwezi wa Agosti Wamarekani wakatua pwani, wakauchukua uwanja pamoja na wali uliokuwa bado kwenye masufuria. Lakini hawakufurahi sana. Manowari zao zilipigwa usiku karibu na kisiwa cha Savo, meli za chakula zikakimbia, na wanajeshi waliobaki ufukweni wakaishi kwa wali huohuo wa adui. Yakafuata mapigano ya mtoni, Wajapani walipovuka fungu la mchanga gizani, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Yakafuata ya kilimani, Septemba, ambako watu walipigana kwa singe na kwa mikono. Oktoba manowari za Kijapani zikaulima uwanja kwa mizinga. Novemba ikawa zamu ya bahari, na meli zilizozama ni nyingi kiasi kwamba maji yale mpaka leo yanaitwa kwa chuma kilicholala chini yake.

Mgeni mjuaji akimtajia Midway, Stalingrad na El Alamein, Basilio huzikubali zote, kama mwenye nyumba anayewapa watu viti. Midway, anasema, adui aliumizwa mguu. Stalingrad alivunjwa meno. El Alamein alipoteza viatu. Lakini mgongo ulivunjwa hapa, na baada ya hapa hakuna aliyemwona akitembea wima tena.

Kasoro ya maelezo haya ilikuwa moja tu. Basilio alizaliwa vita vimekwisha. Aliyeviona kwa macho aliishi juu kidogo ya banda lake, moshi wa jiko lake aliuona kila asubuhi, na ndiye mtu pekee duniani ambaye Basilio hakuweza kumuuliza.

Ni mama wa Hilda. Jina lake Veronika. Anayekatazwa kulitaja ni Basilio, si sisi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake ni kama maji na mafuta kwenye chupa moja. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia, huchuchumaa na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Hamtaji, hamgusi, hacheki mbele yake, haketi juu kuliko yeye; na mama naye hamtaji wala hamgusi. Likiwapo neno la lazima, Hilda hulibeba. Hilda asipokuwapo hubebwa na mbwa, ambaye Basilio alimpa jina la Kanali. Veronika husimama kwa mbali akamwambia Kanali kwamba kuku wa bwana wake wako kwenye magimbi yake. Basilio, mgongo kwao, humjibu Kanali kwamba kuku wale ni wa Kristofa. Kanali huwatikisia mkia wote wawili, na kesi huishia hapo.

Kristofa ni kaka yake Hilda. Mtu mchapakazi, si mbaya, ila akiona kipande cha ardhi hakina mti wa kuzaa hulala vibaya. Kwa miaka mingi alimtazama shemeji yake akijaza kutu mahali ambapo kakao ingeota vizuri. Mwaka ule wa tisini na mbili, vita vilipotimiza miaka hamsini, Kristofa alikwisha kuotesha miche kwenye vifuko, akaipanga kando ya njia kama askari wanaosubiri amri. Akampelekea mama yake shauri. Mama akajibu kwa ufupi kwamba Agosti wageni watakuja kwa sherehe za mapigano. Wakifika kwenye vyuma vya yule bwana, vyuma vitakaa. Wakipita moja kwa moja kwenda kwenye makumbusho makubwa, ardhi italimwa.

Hilda alibeba neno hilo mpaka kwa mumewe, akalitua taratibu. Basilio akasema hamna shida, na siku ileile akaenda mjini. Hakuna anayejua aliongea nini kwenye ile ofisi ya sherehe. Tunachojua ni kwamba aliondoka nyumbani bila mwaliko na akarudi na ahadi ya lori zima: wazee wa Kimarekani na wa Kijapani, waliopigana hapa, watakuja kwake Jumamosi kuona vyuma na kula nguruwe wa kuokwa kwa mawe. Kristofa aliposikia akasema atasubiri aone hilo lori.

"Subiri, shemeji," Basilio akamwambia. "Ila usisubirie barabarani, litakukanyaga."

Jumamosi ikafika na jua zuri. Nguruwe ndiye yule aliyezaliwa na mjukuu wa nguruwe wa ujana wake, na alikuwa mnene wa kutisha. Kristofa na vijana wawili walimpeleka mtoni kumwunguza manyoya, Kanali akawafuata kwa sababu zake za tumbo. Hilda alikwenda barabarani na wanawake wenzake, wakiwa na maua ya kuwavika wageni. Basilio akabaki peke yake na kazi anayoiamini kuliko zote, kuwasha mawe.

Kuoka kwa mawe kila mtu hapa anakujua, lakini Basilio anasema wengine wanachemsha tu mawe, yeye anayapika. Alichagua mahali penye udongo laini kando ya kijito, mbele kabisa ya mzinga wake mkubwa, ili wageni wakila wautazame. Akachimba shimo la kina cha goti, akapanga kuni, akarundika mawe juu, akawasha. Moto ulishika vizuri mno. Mawe yalipoanza kubadilika rangi alisimama kando, mikono kiunoni, akijifanyia mazoezi ya hotuba.

Ndipo Veronika alipotokea juu ya njia, kikapu cha viazi vikuu mgongoni, kamba ya kikapu kwenye paji la uso.

Basilio alifanya kama mkwe mwenye adabu. Akageuka upesi, akachuchumaa nyuma ya gurudumu la mzinga, mgongo kwa mkwewe, uso kwenye moto. Akasikia hatua zikisimama ghafla. Akasikia kikapu kinaanguka, viazi vinabingirika. Akamsikia mama anamwita Hilda kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuna Hilda. Akamwita Kristofa. Akamwita Kanali. Wote walikuwa mbali, na kati ya wakwe wawili hakuna aliyebaki wa kubeba neno isipokuwa mzinga.

Basi Veronika akauambia mzinga. Akauambia uondoke hapo, uondoke haraka, mahali hapo si pake.

Basilio, huku nyuma, akasikia kila neno. Alielewa kwamba hukumu imetoka. Mama ameamua, lori halijafika, vyuma vinafukuzwa mchana kweupe. Na kwa kuwa yeye si mtu wa kufukuzwa kirahisi, akausogelea mzinga zaidi, akalikumbatia gurudumu lake, uso ukazidi kukaribia moto. Akaujibu mzinga kwa upole kwamba wao wawili hawaendi popote.

Sasa sikia kitu ambacho Veronika alikiona na Basilio hakukiona. Tangu Hilda akiwa mtoto, nyumba yote ilikatazwa kuwasha moto ng'ambo ya kijito, karibu na jiwe jeupe, kwa sababu wakati wa vita bomu liliangukia hapo, likazama kwenye matope, halikulia. Basilio alilijua katazo hilo, akalitii miaka yote. Ng'ambo hakuwahi kuwasha hata kiberiti. Lakini kimbunga cha mwaka wa themanini na sita kilikuja na mafuriko, likashuka tope la ajabu, na maji yalipotulia kijito kilikuwa kimehama. Kila mtu aliona kwamba kijito kimehama. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba bomu halikuhama nacho. Kilichokuwa ng'ambo kikawa huku, jiwe jeupe likafunikwa na udongo laini, na watu wakaendelea kulitii katazo kwa bidii, upande usiokuwa wenyewe.

Veronika alikuwa amesimama juu ya njia, na kwa juu vilima na miamba ilikuwa palepale alipoiacha utotoni. Aliona moto unawaka juu ya bomu, na mkwewe anauegemea kwa heshima zake zote.

"Basilio!"

Ndivyo alivyosema, jina lenyewe, wazi, kama anamwita mwanawe. Basilio akageuka bila kutaka. Na alipogeuka alimwona mama mkwe wake uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu aoe, akiteremka mbio, sketi ameikamata mkononi. Hakupata muda wa kuchuchumaa tena. Mama alimshika mkono juu ya kiwiko, mkono wa mwanamke aliyelima maisha yake yote, akamng'oa pale kama gimbi.

"Bomu, mjinga wewe. Umewasha moto juu ya bomu."

Walikimbia pamoja, wakajitupa kwenye mfereji wa magimbi, na ardhi ikanyanyuka. Basilio ambaye alikuwa ameeleza mlipuko kwa wageni mara zisizo na idadi, tena kwa kupuliza mashavu, aligundua kwamba alikuwa akiueleza vibaya. Kwanza hausikiki. Kwanza kifua kinasukumwa ndani, kisha kelele inakuja nyuma kama iliyochelewa. Mawe aliyoyapika vizuri namna ile yalipaa, yakapita juu ya minazi, moja likatoboa paa la banda, jingine likaangukia bawa la ndege na kulipa tundu ambalo hata Wajapani hawakuwahi kulipa. Kisha ukaja udongo, ukinyesha taratibu.

Vumbi lilipotulia walikuwa hai wote wawili, weusi kwa matope, wamelala bega kwa bega. Basilio akataka kugeuza mgongo kama inavyotakiwa, akakuta ameshaulalia. Mama akauona mkono wake mwenyewe bado umemshika mkwewe, akauachia kama umeungua.

Watu walifika wakikimbia kutoka pande zote. Hilda alilia kwanza, kisha alipowaona mumewe na mama yake wameketi ukingo mmoja akaona aibu, kisha akauliza nani kafa. Kristofa alifika na manyoya ya nguruwe kwenye mikono. Alilitazama shimo ambamo sasa mtu mzima angesimama akapotea, akamtazama shemeji yake, na hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomwumiza Basilio. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma somo kanisani, kwamba hii ndiyo hasara ya kufuga vita. Leo ni mawe, kesho ni watoto. Vyuma viondolewe, wageni waambiwe warudi, na Jumatatu yeye ataanza kuchimba mashimo ya kakao. Akamwomba mama yake aseme sasa hivi, mbele ya watu.

Basilio akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hapakuwa na kitu ndani. Moto aliuwasha yeye.

Veronika akajifuta uso. Akasema ardhi itasubiri, aibu haisubiri.

Na ni kweli, kwa sababu palikuwa na jambo kubwa kuliko bomu. Mama alikuwa amemtaja mkwewe jina, amemtazama, amemgusa. Kitu kama hicho hakiachwi kikae hivihivi. Lazima nguruwe wa fidia atoke ndipo watu waweze kutazama chini tena kwa amani. Tatizo ni kwamba kila mmoja alidai yeye ndiye mwenye kosa. Veronika alisema atatoa yeye, maana ndiye aliyetaja jina. Basilio, kupitia kwa Hilda, akasema atatoa yeye, maana ndiye aliyelazimisha litajwe. Nguruwe aliyekuwapo ni mmoja, na alikuwa ameshaunguzwa kwa ajili ya wageni. Kristofa, akiwa bado na hasira, ndiye aliyekata shauri kwa panga: alimpasua nguruwe katikati, nusu mama akampa mkwe, nusu mkwe akampa mama, mikono ikipita kwa Hilda, na nusu zote mbili zikarudi kwenye jani moja.

Lori la wageni lilifika katikati ya shughuli hiyo.

Wazee walishuka polepole, wengine kwa fimbo. Wakaona shimo linafuka moshi, banda lenye tundu, na watu waliojaa matope wanapeana nusu nusu za nguruwe. Mmarekani mmoja mrefu, Bwana Oakes, akauliza kwa Pijini yake ya zamani, lugha ya visiwa vyetu, kama vita vimeanza tena bila yeye. Watu wakacheka, na Basilio akapata pumzi. Akaeleza kilichotokea bila kukipamba, jambo ambalo wanaomfahamu hawajaliamini mpaka leo.

Bwana Oakes na mwenzake wa Kijapani, Bwana Morishige, wakasimama ukingoni mwa shimo, na ubishi wa wazee ukaanza. Bwana Oakes alisema kwa ukubwa wa shimo hilo bomu ni la Kijapani. Bwana Morishige akainama kwa adabu, akasema hapana, Wamarekani ndio waliokuwa na mabomu ya kumwaga ovyo kiasi hicho, heshima ni yao. Kila mmoja akamsukumia mwenzake. Wakamgeukia Basilio aamue, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu wa vita.

Basilio alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu matatu. Lakini alitazama upande wa mama mkwe wake, kisha akakumbuka asitazame, akamwambia Hilda kwa sauti ya kusikika na wote kwamba yupo mtu hapa aliyeliona linaanguka, na kama mtu huyo atapenda, yeye Basilio yuko tayari kunyamaza.

Kristofa akasema hiyo peke yake ingestahili nguruwe mwingine.

Veronika hakusimama. Aliketi pale alipoketi, akatafuna popoo yake, akatema, akasema, "Lilikuwa la aliye juu. Sisi tulikuwa chini."

Wazee wale wawili waliacha kusukumana.

Kisha akaeleza, na Hilda akabeba maneno kwa mumewe ingawa mumewe aliyasikia yote, na mtu wa lori akayabeba kwa wageni. Alikuwa msichana mdogo. Walikimbilia vilimani na babu, kuku na mbegu za viazi, wakakaa pangoni. Usiku waliona bahari ikiwaka, wakafikiri mwezi umeanguka. Mapigano ya mtoni hawakuyajua, ya kilimani waliyasikia kama mtu anayepasua kuni zisizoisha. Nani anashinda hawakujua, na aliyejua hakuja kuwaambia. Mchana baba yake alishuka kuangalia shamba, na siku moja ndege ikapita chini, ikadondosha kitu, kikazama kando ya jiwe jeupe. Baba akarudi na katazo.

"Mnamwuliza huyu bwana vita viligeuka lini," akasema. "Mimi siku hiyo nilikuwapo. Ilikuwa mvua, jioni. Wajapani walikuwa wakija shambani wanachukua tu, bunduki mbele. Jioni ile alikuja mmoja, mwembamba, nguo zimemwozea mwilini. Bunduki aliilaza chini kwenye matope. Akapeleka mkono mdomoni, hivi. Mama yangu akampa gimbi, akalila bichi, hakungoja limenywe. Mama akatuambia kwamba vimekwisha hivi. Mtu mwenye bunduki ameanza kuomba."

Moshi wa shimo ulikuwa umepungua. Bwana Morishige alivua kofia yake, akasema kwamba kwao, walionusurika, kisiwa hiki walikiita kisiwa cha njaa, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kupewa gimbi, alikula mizizi na nyasi. Akauliza kama leo lipo. Veronika akasema lipo, na safari hii atamenyewa.

Hapo ndipo Kristofa alipoona mwanya unaziba, akarudi kwenye shauri lake. Alimwuliza mama yake, kwa heshima, ardhi inakuwaje. Wageni wamefika, sawa. Lakini bomu nalo limefika.

Mama alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Unataka kuchimba mashimo ya kakao, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mengi?"

"Kipande chote."

"Chimba. Anza hapo uliposimama. Sisi tutasogea kidogo."

Kristofa akatazama miguu yake. Akanyanyua mmoja, akaurudisha taratibu mahali pale pale ulipokuwa. Vijana walicheka mpaka mmoja akakaa chini, kisha akakumbuka akasimama upesi.

Veronika akasema basi. Ardhi ambayo haiwezi kuchimbwa ifanye kazi isiyotaka kuchimba. Vyuma vikae, havioti mizizi. Miche iende kwake juu, ambako hakuna kilichoanguka isipokuwa mvua. Akaweka na sharti moja, akalipitisha kwa Hilda ingawa mwenye kuhusika alikuwa umbali wa mkono: yule bwana akieleza vita, aeleze na pango, aeleze na gimbi. Asianze na meli.

Jibu la Basilio lilikuwa fupi. Alimwambia Hilda amwambie mama kwamba amesikia.

Nguruwe aliokwa mtoni, kwenye changarawe, baada ya Veronika kupita mahali pote kwa miguu yake na kusema hapa ndiyo. Wageni walikula jioni wakiwa wameketi mchangani, na kila aliyehudhuria anasema hakuwahi kula nguruwe mtamu namna ile, ingawa Basilio anadai mawe hayakuiva vizuri kwa sababu yeye mwenyewe hakuachiwa ayawashe. Wiki iliyofuata polisi wa mabomu walikuja na vyombo vyao, wakachomoa mengine mawili. Moja lilikuwa chini ya vifuko vya miche ya Kristofa. Hawakukubali kuapa kwamba hayapo mengine.

Kakao ya Kristofa inazaa huko juu, na ni mtu mwenye furaha kuliko zamani. Basilio na mama mkwe wake walirudi mahali pao, yeye nyuma ya mti, mama njiani, na Kanali katikati akipeleka habari za kuku. Nguruwe alipoliwa jina lilifutika, na hakuna tena aliyelisikia mdomoni mwa Veronika.

Ila maelezo ya banda yalibadilika. Basilio sasa anaanza na pango. Anafika mtoni, anafika kilimani, anafika Novemba baharini kwa mashavu yaliyovimba, na mgeni mjuaji akimwuliza ni wapi hasa vita viligeuka, hasiti.

"Mimi nasema vilivunjika mgongo Novemba, baharini, na sitabadili," humjibu. "Mwenye ardhi anasema vilivunjika siku ya mvua, jioni, kwa gimbi moja bichi. Na mimi, bwana, nimejenga kwenye ardhi yake."